Picha za bendi zinatoka zimecheza, nifanyeje?

SWALI: Napenda sana kupiga picha bendi zikiwa jukwaani ila zinatoka nyeusi au zimecheza (hazionekani vizuri kwa mtikisiko), je niwashe flashi?

JIBU: Hapana jamani, flashi inawakera wanamuziki na inaua zile taa za jukwaani ambazo ndo utamu wenyewe. Tafuta lenzi ya 50mm yenye f/1.8 (tundu pana linaloingiza mwanga mwingi), spidi ya shata, yaani muda kamera inapokea mwanga, weka 1/200 ya sekunde hivi, mpiga drams anataka spidi zaidi, halafu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, panda hata 3200 wala usiogope chengachenga kwenye picha, afadhali hizo kuliko picha iliyocheza. Na anza na bendi changa za karibu yako, omba ruhusa mapema, kiingilio lipa, picha watumie, wengi wao hawana kabisa picha nzuri za kutangazia shoo zao.