Kabla Hujasaga Jani: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Bidhaa za Ngozi ya Kichwa

Karibu kila anayeingia katika kazi hii huja na mmea wake mkononi. Mmoja ana mwarobaini wa uani kwao, mwingine uwatu, mwingine habasoda ambayo bibi yake alimsifia tangu utotoni. Swali lao huwa moja: huu nao unaotesha nywele? Wewe unayeanza, nakuomba uliweke kando swali hilo kwa muda na ujiulize mengine matatu. Kile unachokitafuta kimetoka kwenye mmea kikaingia chupani? Baada ya miezi mitatu ya joto la Dar es Salaam bado kimo? Na kikimiminwa kichwani, kinafika kwenye ngozi na kukaa, au kinaishia kwenye nywele na kwenda na maji ya bafuni? Mimea mizuri tunayo tele. Bidhaa nyingi za mitishamba hushindwa katika mojawapo ya hatua hizo tatu, na mmea ndio unaobeba lawama.

Anza na jaribio dogo la jikoni. Chukua choya kavu, gawa mafungu mawili. Moja litie kwenye maji ya moto, la pili kwenye mafuta ya nazi yaliyopashwa moto taratibu. Maji yatakuwa mekundu upesi. Mafuta yatabaki na rangi yake. Sasa rudia kwa karoti iliyokunwa na kukaushwa. Safari hii mafuta ndiyo yatakayogeuka rangi ya chungwa. Rangi ya choya ni ya majini, ya karoti ni ya mafutani, na kila kiini cha mmea kina upande wake namna hiyo hiyo. Kafeini ya kahawa na chai, tanini (ile inayokausha ulimi kwenye chai kali), sukari nzito za mshubiri, na zile saponini zinazofanya majani ya mkunazi yatoe povu (Oman na nchi za Ghuba wameosha nywele kwa unga wake, sidri, kwa vizazi vingi) hutoka vizuri kwa maji. Mafuta yenye harufu ya rozimari, karafuu na mchaichai huchanganyika na mafuta. Anayeloweka majani ya chai kwenye mafuta ya nazi kwa wiki kadhaa na kuyauza kama mafuta ya kafeini anauza mafuta ya nazi, hata kama ana nia njema kabisa.

Mchanganyiko wa gliserini na maji, au spiriti safi (ethanoli) na maji, huvuta viini vingi kuliko maji peke yake, na ndio ninaowashauri wengi waanze nao. Fahamu tu kwamba baadhi ya wateja, hasa Waislamu, watakuuliza kama kuna spiriti ndani, na wana haki ya kujibiwa ukweli. Majani yakaushe kivulini mpaka yavunjike kwa vidole kabla ya kuyatia kwenye mafuta, kwa sababu maji ya jani bichi ndiyo yanayoleta ukungu chupani. Usitumie sufuria ya chuma cha kawaida kwa mimea yenye tanini: tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi, na dawa yako itafanana na wino. Tumia kioo au chuma kisichoshika kutu.

Halafu nunua mizani. Kabla ya chupa nzuri, kabla ya lebo, kabla ya nembo, nunua mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kijiko si kipimo, na tone si kipimo kabisa, kwa kuwa tone la chupa hii si sawa na tone la chupa ile. Andika kila fomula kwa asilimia za uzito zinazojumlika 100, ili siku ukitaka kutengeneza kilo 5 badala ya gramu 200 usilazimike kukisia.

Umuhimu wa mizani utauona vizuri zaidi kwa karafuu. Tunayo yetu: Pemba kuna kiwanda kule Wawi kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na mtu yeyote wa pwani anaijua nguvu ya harufu ile. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo huua vijidudu vingi na pia huwasha ngozi na kuwatia watu mzio. Kanuni za Ulaya zinalazimisha eujenoli itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayoachwa mwilini. Mimi sivuki asilimia 0.5 ya mafuta ya karafuu, yaani nusu gramu kwa gramu 100, na mafuta yote yenye harufu kwa pamoja siyapitishi asilimia 1. Kuna wanaotia zaidi wakiamini kwamba kichwa kikichoma ndiyo dawa inafanya kazi. Kichwa kinachochoma ni ngozi inayoumia, na ngozi iliyovimba haishiki nywele vizuri.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Tabaka la juu la ngozi limeumbwa ili lizuie vitu kuingia. Wanasayansi wa ngozi hutumia kipimo cha kukadiria: molekuli iliyozidi uzito wa dalton 500 (dalton ni kizio cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana. Kafeini ina 194, eujenoli 164. Hizo ni ndogo. Azadiraktini, kiini maarufu cha mwarobaini, ina 720 hivi. Kolajeni na protini nzima ni kubwa mno hata kuzifikiria. Usikate tamaa lakini, kwa sababu kichwa kina njia ambayo kiganja hakina: matundu ya nywele, maelfu kwa maelfu, kila moja likishuka hadi karibu na mzizi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kafeini iliyo kwenye shampuu hupenya kupitia matundu hayo baada ya kukaa kichwani dakika 2. Dakika 2 ni chache kwenye maabara lakini ni nyingi bafuni; watu wengi huosha povu hata dakika haijaisha. Kama bidhaa yako ni ya kusuuza, andika muda huo kwenye lebo kwa herufi kubwa.

Kwa sababu hiyo ningependa bidhaa yako ya kwanza iwe maji mepesi ya kuachwa kichwani, wala si mafuta. Najua nasema kinyume cha mazoea. Mafuta ya mnyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, ni mazito, na karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni aina moja tu, asidi ya risinoleiki. Yakipakwa kwenye mistari ya misuko hukusanya vumbi, na mwenye nywele hawezi kuosha vizuri kwa wiki nzima au zaidi. Mafuta ya nazi yana sifa ya kweli: yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Hiyo ni faida ya unywele, na wewe unaishughulikia ngozi. Tena huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa yenye mdomo mwembamba iliyofanya kazi vizuri Tanga itaziba ikifika Njombe au Limuru.

Liko pia suala la mba. Kuvu wanaohusika nao, Malassezia, huishi kichwani mwa kila mtu mzima na hawawezi kujitengenezea mafuta. Wanakula ya ngozi na yale tunayoyapaka. Mteja mwenye mba anayeongeza mafuta kila siku ili “kichwa kisikauke” mara nyingi anawalisha. Ukimpa maji mepesi yenye kiini ulichokivuta vizuri, na ukamshauri aoshe kichwa mara nyingi zaidi, utakuwa umemsaidia.

Maji hayo huwa na sehemu chache: maji yaliyochujwa na kuchemshwa, au bora zaidi yaliyotoneshwa, gliserini asilimia 3 hadi 5, kioevu cha mmea, kihifadhi, na kama utatia mafuta yenye harufu, kiyeyushi chake kama polisobeti 20. Usiruke hicho cha mwisho. Mafuta yasiyoyeyushwa huelea juu hata ukitikisa vipi, na kuna mteja mmoja atakayemimina yote kichwani kwa mkupuo na kuungua. pH, yaani kipimo cha uchachu, iweke kati ya 4.5 na 5.5, karibu na ile ya ngozi ya kichwa, na uipime kila unapotengeneza.

Kihifadhi ndicho kinachowashinda wengi, na kwa kuwa kinagusa afya ya watu sitalainisha maneno. Bidhaa yenye maji na mmea bila kihifadhi ni chakula cha bakteria. Jeli ya mshubiri ni maji kwa asilimia 98 au zaidi. Maji ya mchele, chai ya uwatu, juisi ya kitunguu: yote huanza kuharibika ndani ya siku chache, na huharibika kabla harufu haijabadilika. Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Haiui kijidudu hata kimoja. Karafuu kwa kiasi kilicho salama kwa ngozi haitoshi kuhifadhi. Wanaotangaza bidhaa “haina kemikali” hawawatendei haki wateja wao, kwani maji nayo ni kemikali, na bakteria aitwaye Pseudomonas anaweza kumletea mtu aliyekwaruzwa na chanuo maambukizi ya kweli. Sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti hufaa iwapo pH iko chini ya 5. Fenoksiethanoli mwisho wake ni asilimia 1. Kisha peleka sampuli maabara. Kipimo cha kimataifa, ISO 17516, kinaruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 kwa gramu, na baadhi, huyo Pseudomonas aeruginosa akiwemo, hawatakiwi kabisa. Gharama ya maabara inauma kwa anayeanza, lakini ipangie bajeti kama unavyopanga ya chupa.

Wakati unasubiri majibu, weka chupa kadhaa kwenye joto la nyuzi 40, nyingine kabatini, nyingine dirishani penye jua, kwa miezi mitatu. Angalia rangi, harufu, pH na utengano. Lori la kwenda Dodoma mchana halina huruma kuliko jaribio hilo.

Kuhusu ushuhuda wa wateja, kuwa mwangalifu hata na wale wanaokupenda. Unywele hukua sentimita 1 hivi kwa mwezi, na kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mama aliyejifungua huanza kupoteza nywele nyingi baada ya miezi miwili hadi minne, na kwa wengi hurudi zenyewe kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo chochote alichopaka katika kipindi hicho kitapata sifa. Utafiti wa Aberdeen, Uskoti, wa mwaka 1998 kwa watu 86 wenye nywele zinazotoka kwa mabaka ulitumia thaimu, rozimari, lavenda na mwerezi: asilimia 44 walipata nafuu. Waliopakwa mafuta matupu ya kubebea, bila hivyo vinne, nao asilimia 15 walipata nafuu. Hao asilimia 15 wakumbuke kila unapopokea picha ya shukrani. Na rozimari iliyolinganishwa na minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, mwaka 2015, kwa watu 100, haikuleta mabadiliko ya maana kufikia mwezi wa tatu. Mabadiliko yalionekana mwezi wa sita. Usimwahidi mtu wiki mbili.

Upande wa sheria, Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukiandika “inatibu” kwenye lebo umejihamishia upande wa dawa, pamoja na masharti yake yote. Kenya utaanzia KEBS, shirika la viwango la huko. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, wanatoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo, waendee mapema.

Mwisho, wako watu ambao hawahitaji bidhaa yako. Aliyepoteza nywele za kingo za paji la uso kwa misuko ya kubana anahitaji kwanza kulegeza misuko. Hakuna mmea utakaoshindana na mvuto wa kila siku, na akichelewa sana mizizi hufa. Mtoto mwenye mapunye kichwani usimuuzie kitu: kuvu hao hujificha ndani ya unywele na kwenye tundu lake, kupaka peke yake hakuwamalizi, na tiba yake ni vidonge vya hospitali. Waandikie wazazi jina la kituo cha afya kilicho karibu, na uwaambie wamwoneshe mtoto wiki hiyo hiyo.