Pawasaplai ya Kujitengenezea kwa Amplifaya ya Hedifoni: Niliyojifunza Nikiwa Wete

Spika ikiwa sebuleni, mvumo mdogo humezwa na sauti ya feni na ya watoto wanaocheza. Hedifoni hazina stara hiyo: zimegusa sikio, na kila kasoro ya umeme unaolisha amplifaya husikika pale mpiga ganuni anaponyanyua mkono na nyuzi zikaanza kunyamaza. Ndiyo maana vijana wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Wete wakitaka kujenga amplifaya huwaomba waanze na pawasaplai, yaani sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo na mtulivu wa kulisha amplifaya, na waipe muda mrefu zaidi kuliko waliodhamiria kuipa amplifaya yenyewe. Mfano nitakaoutumia ni wa pawasaplai ya volti 12 na ushei, kwa amplifaya inayotumia miliampia 100.

Kabla ya jengine lolote, elewa kwamba upande wa kwanza wa transfoma una volti 230, nazo zinaua. Usijaribu kabisa ile njia ya kupunguza umeme wa ukutani kwa kapasita (kijenzi kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) bila ya transfoma, kwani hapo waya wa hedifoni ulizovaa kichwani unakuwa umeungana na umeme wa nyumba. Usidhani pia kwamba fyuzi ya plagi itakulinda. Fyuzi ya ampia 13 huulinda waya, ilhali transfoma ya volti-ampia 15 huvuta chini ya ampia 0.07, hivyo inaweza kuungua mpaka ikatoa moshi na fyuzi hiyo ikabaki nzima. Weka fyuzi nyengine ya miliampia 160, ya aina inayochelewa kukatika, kwenye waya wa laini kabla ya swichi. Kasha la bati liungwe na waya wa ethi kwa skrubu isiyofanya kazi nyengine.

Transfoma yangu ya kwanza niliitoa kwenye redio kaseti mbovu, nayo ilikuwa ya volti 12. Hesabu ilionekana kukubali: volti 12 zikizidishwa kwa 1.41 hufika 17 kwenye kilele cha wimbi, daiodi mbili (vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) hula 1.4, zikabaki 15 na nusu hivi. Regyuleta niliyoitumia, yaani kijenzi kinachoshikilia volti zisipande wala kushuka, ni LM317, nayo huhitaji kuingiziwa volti mbili hadi tatu zaidi ya zile inazotoa. Mchana amplifaya ilikuwa kimya. Baada ya magharibi, watu wanaporudi majumbani na kuwasha feni na pasi, ikaanza kuvuma, na ikifika saa sita za usiku ikanyamaza tena. Nilibadilisha kapasita, nikabadilisha na regyuleta, mpaka jioni moja nilipoingiza mita kwenye soketi ya ukutani nikakuta volti 204. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, na hali ni bora mno kuliko zama za majenereta ya Wesha, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ya mtaa bado hupungukiwa jioni. Kwa volti 204 zile 15 na nusu zilikuwa zimeshuka hadi 13 na nusu, regyuleta ikakosa nafasi ya kufanya kazi, na kila bonde la wimbi likapita mpaka masikioni. Chukua transfoma ya volti 15: hata kwa 204 itakuachia 17 na ushei. Na kwa kuwa transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa, kapasita ziwe za volti 35, si 25.

Mvumo wa pili ulinisumbua zaidi, kwani huo haukujali saa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na daraja la daiodi, yaani daiodi nne zilizoungwa pamoja, huigeuza kuwa vilele 100. Kwa miliampia 100, kapasita ya mikrofaradi 2200 huacha volti zicheze kwa chini ya nusu volti, na regyuleta huufuta mchezo huo bila ya taabu. Mimi nikaona niongeze, nikafunga ya 10,000, na mvumo ukazidi na kuwa na ukwaruzo.

Sababu yake ni hii, nayo naomba uisome taratibu. Daiodi hazipitishi umeme muda wote, bali hufunguka kwa kitambo kidogo tu kwenye kilele cha wimbi, na katika kitambo hicho kapasita hujazwa kwa mpigo wa mkondo ulio mkubwa mara kadhaa kuliko mkondo unaotumika. Waya, hata uwe mnene, una ukinzani. Mpigo ukipita ndani yake, ncha zake mbili hazibaki kwenye volti moja. Ikiwa graundi ya amplifaya, yaani upande wake wa volti sifuri, imeungwa mahali fulani kwenye waya huo, kama nilivyokuwa nimeiunga mimi, amplifaya huipokea tofauti hiyo kama kwamba ni sehemu ya muziki na huikuza. Kapasita kubwa hufupisha kitambo cha kujazwa, kwa hivyo mpigo huwa mkali zaidi.

Dawa yake haikunigharimu hata senti, kwani nilihamisha waya mmoja tu. Waya hasi wa daraja la daiodi uende kwenye mguu hasi wa kapasita, uwe mfupi, na usiungwe na kitu chengine chochote. Kutoka kwenye mguu huo wa kapasita toa waya mwengine hadi mahali pa kutolea umeme, na hapo ndipo zikutane graundi zote: ya amplifaya, ya kapasita ndogo ya mwisho, na ya rezista ya chini kati ya zile mbili zinazoipangia regyuleta volti za kutoa. Rezista hiyo iwe ya omu 2200, na ile ya juu ya omu 240 ilehemiwe kwenye mguu wenyewe wa kutolea wa LM317. Utapata volti 12.7 au zaidi kidogo.

Ukisikia mvumo mzito usio na ukwaruzo, huo aghlabu ni usumaku wa transfoma unaoingia kwenye nyaya za sauti. Isogeze mbali, kisha izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza, na uifunge pale mvumo unapofifia. Ukimaliza kulehemu, safisha bodi kwa spiriti na uipake vanishi upande wa chini, kwani hewa yetu ya chumvi hula shaba haraka.

Usiunge amplifaya bado. Funga rezista ya omu 120 yenye uwezo wa wati 5 mahali pake, iache saa nzima, kisha uchomoe plagi na uguse kipoza joto cha regyuleta: kikiwa cha moto usioweza kuustahamilia, tafuta kikubwa zaidi. Pima tena baada ya magharibi. Volti zikiwa zile zile za mchana, unga amplifaya, pima tundu la hedifoni na uhakikishe kwamba umeme usiogeuka hauzidi milivolti 20 hivi, kisha usikilize kwanza kwa hedifoni za bei ndogo.