Jibu: Uzamivu wa uuguzi kwa muuguzi wa Kigoma
Dada, umeuliza kama DNP, ule uzamivu wa vitendo wa Marekani, ni sawa na PhD. Hapana. PhD inakutaka uzalishe maarifa mapya. DNP inakutaka uchukue yaliyokwisha kuthibitishwa uyafikishe kwa mgonjwa. Chukua wodi ya wazazi: partografu, chati ya kufuatilia uchungu, mara nyingine inajazwa mama akishajifungua, wakati kazi yake ni kumwonya mkunga mapema uchungu unapokwama. Kubadili hilo, ukapima kabla na baada, ndio mradi wako. Kwa muuguzi anayependa wodi kama wewe, naona inakufaa kabisa.

Ila DNP inadai mafunzo ya vitendo ya saa nyingi baada ya digrii ya kwanza, kwa hiyo usikubali kozi ya mtandaoni mtupu. Na kabla hujalipa ada, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo.