Kabla hujahamishia laini kwenye simu mpya, usifanye kama mimi

Mwezi uliopita nilinunua simu Kariakoo, used ya kutoka nje, muuzaji akaniambia "kaka hii unlocked, chomeka laini yoyote". Na kweli, kwa hilo sina ugomvi naye, balaa nimejitengenezea mwenyewe.

Dukani nilikuwa na akili bado. Alitaka tujaribu na laini yake, nikakataa, nikachomeka yangu, nikapiga simu, nikawasha data, ndo nikatoa hela. We ukinunua iPhone ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock, iandike "No SIM restrictions". Ukifungua kitrei ukakuta chini ya laini kuna kichipu chembamba kama ganda la kitunguu ujue hiyo simu bado imelokiwa kwa mtandao mmoja, wameizunguka tu, siku ukiapdeti inagoma. Na iPhone 14 za Marekani hazina hata pa kuchomeka laini, ni eSIM tu, laini iliyo ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo igeuze pembeni uangalie kabla hujaanza kubishana bei.

Haya sasa ujinga wangu. Laini yangu ni ya zamani, ile kubwa, kabla ya kuijaribu pale dukani kijana mmoja wa mezani aliikata kwa kile kidude kama stepla, ikaingia, netiweki ikasoma, nikafurahi, jioni ileile nikafuta simu ya zamani kila kitu nikampa mdogo wangu. Asubuhi nafungua majina nakuta 11. Kumi na moja jamani! Yote ya enzi za kitochi, kuna "Fundi Bomba 2" sijui hata ni nani. Kumbe miaka yote nilikuwa nasevu kwenye simu, siyo kwenye laini wala Gmail.

Wiki nzima zinapiga namba tupu, nasalimia kwa adabu nikisubiri kuitambua sauti. Ikaingia meseji "ile hela nitumie kwenye namba hii", nikacheka, nikasema matapeli hawa hawachoki, nikafuta. Alikuwa shemeji, nilimwahidi mwenyewe kumkopesha. Mpaka leo ananiitikia kwa mbali.

Kwa hiyo hamishia majina Gmail kwanza. Usitegemee kuyakopi kwenye laini, nyingi zinabeba kama 250 tu na jina refu linakatwa. WhatsApp itakutumia namba sita utaingia, ila chati kwa simu ya Android zinatoka kwenye bakapu ya Google Drive, yangu ilikuwa ya mwaka juzi. Hela ya M-Pesa usiwaze, haikai kwenye simu, iko kwenye namba yako na PIN ni ileile.

Halafu kumbe hata kuikata ile laini nilijisumbua bure, simu ya 4G inasoma H+, yaani 3G, kutwa nzima, laini yenyewe ya zamani haina 4G. Nikaenda duka la mtandao na namba ya NIDA, nikaweka kidole, nikapewa laini mpya ndogo, namba ileile. Nimetoka pale nikampigia shemeji, hajapokea.