Popuri harufu inakata siku ya tatu: maua yako hayana kosa

Mkuu nimekusoma. Umetengeneza popuri, yaani mchanganyiko wa maua makavu na viungo wa kunukisha nyumba: umekausha mawaridi ya bustanini, ukayapanga kwenye bakuli na vijiti vya mdalasini, ukadondoshea mafuta ya lavenda juu yake, siku mbili nyumba nzima inanukia, siku ya tatu kimya, na wiki ya pili umeinua maua ukakuta ukungu mweupe chini. Sasa unauliza ununue mafuta ya bei kubwa zaidi au ubadilishe aina ya maua. Kwa kweli usifanye lolote kati ya hayo, utapoteza hela bure. Mi nilipita hapohapo ulipo, tena si mara moja, nimetupa popuri ndoo na ndoo kabla sijaelewa kwamba maua kwenye hii kitu kazi yao kubwa ni sura, harufu ya kudumu inatoka kwingine.

Tuanze na ukungu maana huo ndio unaua kazi yote. Ukungu maana yake kuna maji, basi, hamna maelezo mengine. Najua utasema yalikuwa makavu kabisa, hata mi nilisema hivyohivyo. Nilikuwa nakausha mawaridi mazima, yale vichwa vizima vinavyopendeza, wiki 2 yamening'inia kichwa chini chumba cha giza, ukiyashika yanachakarika kama karatasi, nikaona tayari. Yalipoota ukungu nikachukua moja nikalipasua katikati kwa kisu. Nje kavu, petali za katikati kavu, ila pale kwenye kitako petali zinaposhikana na kikonyo kulikuwa na kitovu cha kijani, laini, ukikibonyeza kwa kucha kinaacha unyevu. Ukubwa wake kama punje ya mahindi tu. Hicho ndicho kilikuwa kinatoa maji taratibu ndani ya chupa iliyofungwa na kulisha ukungu chupa nzima.

Tangu siku hiyo vichwa vizima naweka vichache vya pambo tu, navyo vinakaa wiki 3 au zaidi, vilivyobaki nabandua petali mojamoja. Chuma asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, maana jua likishachemka mafuta ya ua yanaruka hewani, na chuma ua linalofunguka, lililokwisha kuchoka liache mtini. Tandaza petali tabaka moja juu ya wavu au kitambaa chepesi ili hewa ipite na chini, sehemu yenye kivuli na upepo. Jua la moja kwa moja linafubaza rangi na linaiba harufu. Kwenye hewa kavu siku 4 au 5 zinatosha, kwenye hewa yenye unyevu hata siku 10 na zaidi, na kama mvua haikati tumia oveni moto wa chini kabisa, mlango umeuachia kidogo, uwe unachungulia. Kupima ni rahisi, chukua petali ya chini ya rundo ukunje: ikikunjika bado, ikivunjika kwa mlio kama ganda la karanga tayari. Bado unashaka? Zifungie kwenye chupa ya kioo kavu usiku kucha, asubuhi ukiona ukungu wa mvuke ndani ya kioo rudisha kwenye wavu. Na usishangae ujazo ukipungua, ndoo nzima ya petali mbichi inaweza kubaki bakuli moja, mara ya kwanza nilidhani nimeibiwa.

Kuhusu aina ya maua, waridi ulilochagua ni sahihi kabisa, waridi na lavenda ni kati ya machache yanayobaki na harufu yakikauka. Mengi mengine yanakufa. Mfano asumini, nilikausha sinia zima maana mbichi inalewesha, ikatoka kahawia na inanuka kama majani makavu ya kawaida. Baadaye nikaja kujua ndio maana watengenezaji wa chai ya asumini hawategemei ua kavu, wanalaza majani ya chai na maua mabichi ili chai inyonye ile harufu kisha maua yenyewe wanayatoa. Kwa hiyo maua ya aina hiyo weka kwa ajili ya rangi tu au acha. Na rangi nayo ina vituko vyake, waridi jekundu sana linakauka karibu jeusi, la pinki linatoka vizuri zaidi, na maua ya njano na ya chungwa ndo yanashikilia rangi kweli. Bougainvillea haina harufu kabisa ila rangi yake ikikauka inapendeza, mi naiweka kila mara.

Sasa harufu yenyewe. Ulidondoshea mafuta juu ya petali, si ndio? Petali kavu ni kama karatasi nyembamba, mafuta yanakaa juujuu na hewa inayachukua yote ndani ya siku chache. Kinachokosekana ni kishika harufu, kitu kinachonyonya mafuta na kuyaachia kidogokidogo. Kinachotumika tangu zamani ni unga wa mzizi wa airisi, lile ua refu la zambarau. Huo mzizi una maajabu yake, ukichimbuliwa leo haunukii cha maana, unamenywa unakaushwa halafu unawekwa miaka 2 mpaka 5 ndipo harufu inajijenga ndani yake, kwa hiyo usijidanganye kuchimba wa bustanini ukausage. Tafuta ule wa tayari, na wakati wa kuuchanganya ziba pua maana wengine unawapa chafya na muwasho. Ukikosa, gunzi la mahindi kavu lililovunjwa vipande vidogovidogo linanyonya mafuta vizuri sana, siku hizi mi natumia hilo zaidi kwa sababu halimwagi vumbi. Vipande vya sandali au ubani uliopondwa vinasaidia pia, ila vina harufu yao wenyewe kwa hiyo lazima uipende.

Kipimo changu ni hiki, sio sheria. Petali kavu vikombe 4, majani ya kunukia yaliyokauka (mchaichai, rihani, mnanaa, chochote unachopenda) kikombe 1, maganda ya chungwa 1 yaliyokatwa nyuzinyuzi na kukaushwa, vijiti 2 vya mdalasini vilivyovunjwa kwa mkono, karafuu nzima kijiko 1 cha chakula, iliki kama 6 zilizobanwa zikapasuka, nusu ya kungumanga iliyokwanguliwa, unga wa airisi vijiko 2 vya chakula, mafuta matone 10 hivi. Ukitumia gunzi badala ya airisi weka robo kikombe. Lile ganda la chungwa kwangua nyama nyeupe ya ndani kwanza, ndo inayoshika maji.

Utaratibu ndio muhimu kuliko kipimo. Mafuta HAYAGUSI maua. Weka kishika harufu peke yake kwenye kichupa, dondoshea mafuta yote humo, koroga, funga, kaa nacho siku 1 kama ni unga, siku 3 mpaka 4 kama ni gunzi. Ndipo uchanganye na viungo, halafu mwisho maua kwa mikono, taratibu yasisagike. Viungo viwe vipande, sio unga wa mdalasini wa jikoni. Nilishatumia unga, kila petali ikavaa vumbi la kahawia, bakuli likaonekana kama limefagiliwa uwani, na upepo kidogo tu meza nzima imechafuka. Karafuu zipige mara moja tu kwa mchi, zipasuke zisivunjike, hapo zinatoa harufu miezi na miezi.

Baada ya hapo kuna sehemu ambayo watu wengi wanairuka, na nahisi na wewe umeiruka. Jaza chupa ya kioo yenye kifuniko mpaka theluthi mbili, funga, weka gizani wiki 4 mpaka 6. Kila siku mbili tatu itikise au igeuze. Ukifungua wiki ya kwanza utakasirika, karafuu inakupiga peke yake, lavenda kivyake, chungwa kivyake kama watu wanaogombania kipaza sauti. Usiongeze kitu! Mi niliongeza mafuta wiki ya pili nikidhani haijakolea, ilipoiva ikawa kali mpaka wageni wanalalamika kichwa. Kuanzia wiki ya 4 ukifungua unapata harufu moja tu, huwezi kusema hii ni karafuu au hii ni waridi, na hiyo ndio alama imeiva.

Jingine kuhusu siku ya tatu, inawezekana harufu haikuisha yote. Pua inazoea, ukikaa na harufu masaa mengi ubongo unaacha kukuripotia. Toka nje nusu saa urudi, au muulize anayeingia mgeni. Nusu ya malalamiko ya "imekata" ni hiyo.

Ikipungua kweli baada ya miezi usidondoshee mafuta bakulini. Rudisha kwenye chupa, weka kijiko cha kishika harufu kilicholowekwa mafuta, funga wiki 1 au 2. Na kabla ya kufika huko jaribu kuikoroga kwa mkono na kuponda karafuu chache, mara nyingi inaamka yenyewe. Pia usiku ifunike, hamna haja ya kunukishia watu waliolala.

Wadudu wapo. Ukiona vidudu vya kahawia vidogo kuliko punje ya mchele, na vitundu kama vya sindano kwenye viungo au vichwa vya mawaridi, ni wale wale wanaokula vyakula vikavu kabatini. Siku hizi kila ninachokausha nakifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa nakilaza friza nyuzi 18 chini ya sifuri siku 4 au zaidi kabla sijachanganya. Ukitoa usifungue mfuko hapohapo, uache mpaka ubaridi uishe wote, la sivyo maji ya hewani yanatua kwenye petali na umerudi kwenye ukungu.

Chombo kiwe kioo au cha udongo uliopakwa rangi ngumu ya kung'aa kama kioo ndani. Mafuta haya yanakula plastiki, hasa ya chungwa, yana limonini ambayo inayeyusha baadhi ya plastiki, na yakigusa mbao zilizopigwa vanishi yanaacha doa, meza yangu ina duara mpaka leo na nimeifunika kitambaa. Kama una paka weka mbali kabisa na uangalie mafuta unayochagua, ini la paka halivunji vizuri baadhi ya vitu vilivyomo. Watoto wadogo nao, bakuli la rangirangi lenye viungo linaonekana kama cha kutafuna.

Mwingine kwenye mjadala huu amesema popuri halisi ni ya chumvi. Yuko sawa kwa historia, jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake chungu kilichooza, na ile ya zamani kweli ilikuwa inachachuka. Unachukua petali zilizokauka nusu tu, zimelegea kama ngozi laini, unazipanga tabaka kwa tabaka na chumvi ya mawe, vikombe 3 vya petali kwa 1 cha chumvi, unakandamiza kwa kitu kizito wiki kadhaa mpaka zishikane kama keki, ndipo unazivunja na kuchanganya viungo. Inanukia muda mrefu kuliko kavu, miaka kabisa. Ila sura yake! Tope la kahawia, inabidi ikae kwenye chungu chenye kifuniko cha matundu mtu asiione. Nimefanya mara moja tu, harufu ilinishinda kwa uzuri, lakini mi napenda bakuli nililione.

Kwa hiyo hilo bakuli lako la sasa tupa lote, usijaribu kuchambua, hata ile midalasini, ukungu ulishaingia kwenye nyufa. Bakuli lioshe kwa maji moto ulianike jua kali. Mafuta yako ya lavenda yako sawa, yafunge uyaweke gizani yakusubiri. Ila kabla hujatupa chukua waridi moja lile nene kuliko yote ulipasue katikati, uangalie pale kwenye kitako. Ntashangaa sana kama hukuti kijani.