Boti ikisumbua kwa umeme wa nchi kavu, anza kupima gatini

Wenye boti wa Mikindani na Mtwara mjini wakiniita, mara nyingi nakuta wameshafungua nusu ya chombo. Paneli iko wazi, jaja ya betri imetolewa, nyaya zinaning'inia, na tatizo bado lipo. Boti ikiwa inachukua umeme wa nchi kavu, anza kwenye chanzo, ufuate waya kuelekea majini.

Angalia LUKU kwanza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nimeshaitwa kumbe uniti zimeisha kwenye nyumba inayotoa umeme.

Kisha pima soketi ya gatini, boti ikiwa imechomolewa. Kama hujazoea mita, mwachie fundi. Umeme wetu ni volti 230. Kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) upate namba iliyo karibu na hiyo, kati ya moto na ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) vivyo hivyo, na kati ya nyutro na ethi karibu sifuri. Ukikuta 230 kati ya nyutro na ethi, moto na nyutro vimegeuzwa. Vifaa vitawaka kama kawaida, ila swichi itakuwa inakata nyutro huku moto ukibaki ndani ya kifaa. Namba za ethi zikiyumbayumba, huenda ethi haipo kabisa. Usichomeke boti mpaka irekebishwe.

Soketi ikiwa nzima, hamia kwenye kebo. Hapa ndipo ninapokuta ubovu mwingi. Kusi ikivuma, hewa yenyewe inabeba chumvi. Chumvi inavuta unyevu, shaba inaota kutu ya kijani, na mguso unaolegea unazalisha joto. Breka haioni joto hilo, kwa sababu yenyewe inaangalia wingi wa umeme unaopita tu. Ndiyo maana plagi inaweza kuungua mpaka ikawa ya kahawia na breka isikate. Washa birika kwa muda, zima kila kitu, kisha gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, badilisha plagi na soketi kwa pamoja, maana upande ulioungua utaharibu ule mpya.

Unene wa kebo nao una maana. Ekstensheni ya milimita za mraba 1.5 yenye urefu wa mita 50, ikibeba ampea 10, inapoteza takriban volti 12 njiani. Ya 2.5 inapoteza kama 7. Friji inayonguruma bila kuwaka huenda haina ubovu wowote, inakosa volti tu. Pima ndani ya boti huku mzigo umewashwa. Bila mzigo mita itakuonyesha namba nzuri isiyo na maana.

Sasa breka inayokata. Ile ya kawaida ikikata baada ya muda, punguza mzigo. Ikikata papo hapo, kuna nyaya zimegusana. Ile ya uvujaji, yenye kitufe cha kujaribia, kwa kawaida hukata umeme wa miliampea 30 tu ukitoroka. Zima breka zote ndogo za boti, kisha washa moja moja mpaka umpate mkosaji. Zingatia hili: breka ndogo nyingi zinakata waya wa moto peke yake, kwa hiyo nyutro inayogusa ethi itaendelea kuangusha breka ya uvujaji hata zote zikiwa chini. Hapo chomoa vifaa kimoja kimoja. Mimi huanza na hita ya maji, kisha jaja ya betri.

Kuna watu wanakata waya wa ethi ili breka itulie. Nawaomba sana msifanye hivyo. Uvujaji unabaki kwenye chuma cha boti, ukisubiri mkono wa mtu aliyelowa, na kwenye magati yetu watoto wanaoga hapo hapo chini ya vyombo.

Wengine wanaikata kwa sababu zinki, kile kipande kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya chuma chake, inaliwa haraka. Ni kweli ethi inaunganisha chuma cha boti yako na cha boti ya jirani ndani ya maji, na zinki yako inaweza kulipa deni la wote wawili. Dawa yake ni galvaniki aisoleta, inayofungwa kwenye waya huo wa ethi: inazuia umeme mdogo unaokula zinki, na hitilafu kubwa ikitokea inauruhusu upite ili breka ikate. Fundi akikuuzia, mwambie aifunge mara tu kebo inapoingia botini, kabla ya ethi kugusa kitu kingine chochote.