Zimeathiri vipi?

SWALI: Niko mwaka wa mwisho katika chuo cha afya hapa Mbeya. Kazi yangu ya kupitia tafiti nimeiita "Athari za bangi na dawa za usingizi kwa wasiwasi wa panya wa maabara". Msimamizi wangu amelikata neno athari kwa kalamu nyekundu. Anasema athari ni madhara, na baadhi ya dawa hizo zilimtuliza panya. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwanangu, sababu ya msimamizi wako siyo, lakini kalamu yake imepiga panapostahili. Athari limetoka kwenye Kiarabu, athar, yaani alama au unyayo unaobaki kitu kikishapita. Athari njema zipo. Anasikia madhara kwa sababu kwa miaka mingi tuliona haya kuutaja Ukimwi, tukasema fulani "ameathirika", na neno likabaki na kovu.

Mimi linaniudhi kwa jambo jingine: kuathiri halisemi kitu. Kila masika nasikia redioni, "Mvua zimeathiri viazi." Zimevifanya nini? Vimepigwa na ukungu? Vimenenepa hadi matuta yakapasuka? Au viko salama ghalani, ila barabara imekatika na lori limekwama na magunia? Mkulima aliyesikia tangazo hilo hajui auze leo au asubiri. Siku moja pale Uyole nilishika kiazi kwenye ndoo ya mama mmoja. Akaninyang'anya, akakibonyeza kwa dole gumba, maji yakatoka. "Kimeoza ndani, baba, chukua hivi vya huku." Nilijua palepale kilichotokea. Mama yule hajawahi kuuza kiazi "kilichoathirika", na mwandishi wa habari aliyesoma miaka kumi na sita angekaa miguuni pake ajifunze.

Sasa njoo kwa panya wako. Jaribio linalotumika sana kupima wasiwasi wake ni njia yenye umbo la msalaba, iliyoinuliwa kama nusu meta kutoka sakafuni. Mikono miwili ina kuta, miwili iko wazi. Panya mwenye wasiwasi hujibanza kwenye kuta. Mpe diazepamu, dawa ya kutuliza, kidogo: hutoka, huchungulia ukingoni, hukaa peupe muda mrefu kuliko mwanzo. Zidisha, naye hulegea na kusinzia, hazunguki tena. Ametulia, au amelemewa na usingizi? Watafiti huhesabu hata safari zake za kwenye kuta ili kulitenganisha hilo, halafu wewe unalifukia kwa neno moja!

Bangi ndiyo inakudai uangalifu zaidi. THC, kemikali yake ya kulevya ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964, mara nyingi humtoa panya mafichoni ikiwa kidogo, na ikiwa nyingi humrudisha ndani na hofu kubwa kuliko ya awali. Kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi hiyohiyo, katika majaribio mengi imetuliza kwa kipimo cha kati, na kipimo kilipopandishwa utulivu ukapotea. Ukiandika "THC huathiri wasiwasi", msomaji hajui kama umepanda au umeshuka, na jibu zima liko hapo. Tuna kutuliza, kulegeza, kusinzisha, kulevya na kutia hofu. Kila kimoja ni kitendo chake, na panya wako anavifanya vyote mbele ya macho yako.

"Dawa za usingizi" nazo zibadilishe. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza chumba cha upasuaji na nusukaputi. Andika dawa za kutuliza. Wasiwasi liache, limekaa vizuri.

Mpelekee kichwa hiki: "Bangi na dawa za kutuliza: vipimo vinavyopunguza na vinavyoongeza wasiwasi wa panya wa maabara". Ni kirefu, ndiyo, lakini anayekisoma anajua anachokwenda kukuta. Na kwenye sura ya matokeo, kila ulipoandika "huathiri", rudi useme panya alifanya nini.